Nani Atatuitikia?

Kaseti ya baba nilikuwa nimeifunga ndani ya kipande cha kitenge, chini kabisa ya sanduku, na ilikaa humo miaka mingi. Mwaka huu nimetimiza miaka 52, na mwanangu wa mwisho ndiye aliyeniuliza ndani yake kuna nini. Tulitafuta redio ya kaseti karibu Katuba nzima, komini yetu, yaani mtaa mkubwa, hapa Lubumbashi. Tulipoipata kwa fundi mmoja, utepe ulikuwa umelegea, ikabidi niukaze kwa kalamu ya Bic, nazungusha polepole kama tulivyofanya zamani, Kongo yetu ilipoitwa Zaire na mkoa wetu wa Katanga ukiitwa Shaba.

Baba anapiga gitaa. Anaimba mstari mmoja, watu wanaitika. Anaimba mwingine, wanaitika. Mwanangu alisikiliza upande mzima, kisha akasema: "Mama, kumbe babu alijua gitaa." Alijua, ni kweli. Lakini mimi gitaa sikulisikia. Nilikuwa nahesabu sauti. Ile nene ya nyuma ni ya jirani yetu aliyekuwa anafanya kazi ya usiku. Ile inayochelewa kidogo kila mara, kama mtu anayekimbilia basi, ni ya mama mdogo. Ile inayopanda juu ya zote ni ya mama yangu. Na ile chupa inayogongwa kwa msumari, inayonyamaza ghafla katikati ya wimbo wa tatu, ni mimi. Nilikuwa na miaka minane, usingizi ulinishika. Kwenye utepe unasikia kabisa pale chupa inapokoma, watu wanacheka, na wimbo unaendelea.

Baba hakuwa mwanamuziki wa jina. Alikuwa mfanyakazi kama wanaume wengine wa mtaa wetu. Uzi wa gitaa ukikatika, alifumua waya wa breki ya baiskeli akatoa unyuzi mmoja, akaufunga mahali pake. Akitaka kupandisha sauti alilaza penseli juu ya nyuzi, akaikaza kwa kipande cha mpira wa gurudumu la baiskeli. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada: gumba linatembea chini, shahada inajibu juu. Rika lake lote lilitaka kupiga hivyo kwa sababu ya Mwenda Jean Bosco. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 katika ukoo wa Bayeke, wale wa Bunkeya, huku huku Katanga. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akamrekodi, na gitaa lake likavuka mipaka. Wapigaji wa Ulaya na Marekani wanajifunza mkono wake mpaka leo. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari Zambia.

Namheshimu Mwenda, na sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini zile rekodi zimewazoesha walio mbali kuamini kwamba muziki wa Katanga ni mtu mmoja na gitaa lake. Sisi tuliokulia humo hatukuwahi kusikia gitaa peke yake. Palikuwa na chupa, palikuwa na makofi, na palikuwa na lupango nzima, yaani ua mzima wa nyumba, inayojibu.

Na lupango zile zilikuwa na mchanganyiko wa ajabu. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichukua wafanyakazi kutoka kila upande: Kasai, kaskazini ya Katanga, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 iliwaruhusu kukaa na wake na watoto wao kambini. Hapo ndipo mji huu ulipoanza kuwa na mabibi, na mabibi wakaja na nyimbo. Mluba alianza kwa Kiluba chake, Mbemba kwa Kibemba chake, lakini kiitikio kikawa Kiswahili, ili asiwepo wa kukaa kimya. Ninapofikiria jinsi sisi tuliochanganywa na shaba tulivyopata kuwa watu wamoja, hotuba ya mwanasiasa hainijii akilini hata moja. Nakumbuka viitikio.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Mama mdogo, yule wa sauti inayochelewa, ametutoka mwaka huu. Tukaweka kilio nyumbani kwake Katuba: bashi (turubai), viti vya plastiki, moto wa makala (makaa), bukari na sombe (ugali na kisamvu) kwa waliotoka mbali. Na sono, vyombo vya kupaza muziki. Spika zake, mabafle mawili marefu kuliko mtu, na kijana mwenye kompyuta akipiga nyimbo za dini tangu jioni hadi alfajiri. Nilitazama mabibi waliokaa kwenye mkeka. Mikono yao ilikuwa mapajani. Wanawake ambao nimewasikia wakilia kwa wimbo hadi majirani wa barabara ya tatu wakaamka, sasa wamekaa kama watu wanaongoja zamu yao hospitalini.

Usiku wa pili nilimwendea mtoto wake, ambaye kwetu ni ndugu yangu mdogo, nikamwomba azime sono. Akanitazama kwa uchungu, mimi yaya wake, yaani dada yake mkubwa. "Yaya, bantu batasema nini? Kama tunamuzika mama bila kitu?" Nilikasirika, lakini baadaye nilimwelewa, na bado namwelewa. Vijana walichanga pesa. Zamani heshima ya marehemu ilipimwa kwa idadi ya waliolala kilioni. Leo inapimwa pia kwa ukubwa wa mabafle, na yeye ndiye mwenye aibu ya kubeba kama hayapo. Tulikubaliana saa moja.

Sono ikazimwa. Nikaanza wimbo ambao mama mdogo mwenyewe alipenda kuanzisha, wimbo wa mwanamke aliyetoka asubuhi na hajarudi.

"Mama ameenda maji..."

Kiitikio chake ni "mutungi ungali hapa". Tuliokuwa wadogo wakati ule tulikiimba hata tukicheza. Nilinyamaza, nikingoja. Kimya. Bibi mmoja peke yake, mzee aliyetoka Kenya, ile komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, si nchi, akaitika kwa sauti iliyopasuka: mutungi ungali hapa. Nikaimba mstari wa pili, akaitika tena peke yake. Wajukuu wa marehemu walikuwa wakinitazama kwa adabu, simu mkononi, midomo imefungwa. Hata wa rika langu walibabaika. Mstari wa nne mimi mwenyewe niliusahau. Kabla saa haijaisha niliona afadhali sono irudi.

Niliaibika kwa siku kadhaa. Nikawa nawalaumu vijana kimoyomoyo, kwamba hawana sikio, kwamba simu imewaharibu. Halafu Jumapili moja nikapita mahali watu wamejaa barabarani. Kijana amekalia kiti, mbele yake karindula: pipa la chuma lililowambwa ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, na pakiti tupu ya maziwa ya unga iliyotiwa ili sauti ivume. Anaanzisha, na umati wa watoto wa miaka kumi na tano, ishirini, unamjibu. Wanajua kila neno. Wanajua mahali pa kuvuta na mahali pa kukata. Nilisimama pale karibu saa nzima na mfuko wangu wa nyanya mkononi.

Basi si kweli kwamba vijana hawaitiki. Wanamwitikia aliyewafundisha. Sisi tulinunua redio, kisha televisheni, kisha tukaenda makanisani ambako kwaya inaimba mbele na sisi tunapiga makofi, na katika kuhama huko kote hatukumkalisha mtoto hata mmoja tukamwambia: wimbo huu, wewe unajibu hivi. Mimi nina watoto wanne. Sikumfundisha hata mmoja.

Desemba 2021 UNESCO iliposajili rumba ya Kongo zote mbili katika urithi usioshikika wa binadamu, nilifurahi, nilicheza jikoni. Rekodi za Tracey nazo zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Hapa kwetu, tangu mwaka 2000, maprofesa wa chuo kikuu wamekusanya kumbukumbu za watu wa Lubumbashi, na kazi hiyo naithamini sana. Lakini kilio hakiendi kwenye maktaba. Usiku wa manane, mtu amekufa, unahitaji watu kumi wanaojua neno linalofuata. Na hao kumi wanatoka kwenye barabara yako au hawatoki popote.

Kwa hiyo nasema kwa wa rika langu: tusifukuze sono, itatuletea ugomvi bure na watoto waliochanga pesa zao. Tuombe usiku wa kwanza tu uwe wa midomo. Na tusingoje kilio ndipo tuanze kufundisha, maana kilioni umeshachelewa.

Mimi nimeanza kwa yule kijana wa karindula. Nilimfuata alipomaliza, nikamweleza habari ya mama mdogo na kile kimya. Nilidhani atacheka. Akaniuliza, "Mama, huo wimbo unaendaka namna gani?" Nikamwimbia pale pale barabarani. Akatafuta sauti kwenye nyuzi zake, akaipata upesi kuliko nilivyotazamia, na alipofika kwenye kiitikio watoto waliokuwa karibu wakakishika mara moja, mutungi ungali hapa, kana kwamba wamekuwa nacho siku zote. Nikamuuliza kwa nini hawakuwahi kuuimba. "Hakuna mwenye alitufundisha," akasema, bila lawama yoyote.

Sasa anakuja kwangu Jumapili baada ya misa. Nina daftari, naandika viitikio, naye anapiga. Mwanangu wa mwisho amepewa chupa na msumari. Tuna nyimbo saba, sita zimekamilika. Ile ya mutungi bado ina pengo pale kwenye mstari wa nne, na kwenye kaseti ya baba haimo. Bibi wa Kenya ametuma ujumbe kwamba anaukumbuka, ila haimbi kwenye simu. Twende kwake wenyewe, amesema, na twende na karindula.