Manesi makadeti wa Marekani wa 1943, walisomeshwa bure au walifanyishwa kazi?

Ukitaja manesi wa vita watu wanawaza mahema na mabomu, ila Marekani kwenye vita ya pili ya dunia balaa lilikuwa hukohuko nyumbani, manesi wazoefu wameenda jeshini, wengine wamekimbilia viwandani kwenye mshahara mzuri, hospitali zimebaki na wagonjwa. Ndo 1943 ikapita sheria ya mbunge Frances Bolton wa Ohio, kikaanzishwa kikosi cha manesi makadeti, yaani manesi wanafunzi (Cadet Nurse Corps), wasichana kuanzia miaka 17 wakaambiwa njooni msomee unesi, ada bure, yunifomu bure, na dola 15 kwa mwezi za kuanzia mfukoni. Sharti ni moja tu, uahidi hutaacha unesi mpaka vita iishe. Kozi nayo ikabanwa, miezi 36 ikawa 30.

Kwa binti wa familia isiyo na kitu ule ulikuwa mlango, tena sheria yenyewe ilikataza ubaguzi wa rangi na weusi zaidi ya 3,000 wakaingia (ubaguzi mahospitalini haukuisha, tusidanganyane). Waliohitimu wote walizidi 120,000.

Sasa geuza upande wa pili. Inakadiriwa kufikia 1945 wanafunzi ndo walikuwa wanatoa kama asilimia 80 ya huduma ya unesi kwenye hospitali za nchi, yaani unayemwita mwanafunzi ndiye anakesha wadini, anaosha wagonjwa, anachemsha sindano, asubuhi aingie darasani na usingizi wake. Hiyo ni kazi, masomo yamefuata nyuma. Lakini kusema ukweli mimi siilaumu sana ile programu kwa hilo, maana hata kabla ya vita manesi walifundishwa kwa kutumikishwa hospitalini, na wengi hawakupata hata hizo dola 15.

Ninapokwama ni kwenye hoja ya kuwatambua hawa makadeti kama maveterani, yaani watu waliotumikia jeshi la nchi. Wanaopinga wanasema hawakuwa chini ya amri ya jeshi, walishalipwa kwa elimu, na wapo walioingia mwishoni wakahitimu vita imeshaisha. Hiyo ya mwisho ina uzito, siikatai. Ila zile mbili za kwanza, mbona marubani wanawake waliokuwa wanasafirisha ndege za jeshi humohumo nchini nao walikuwa raia, na walifundishwa na serikali pia, na 1977 wakapewa hadhi hiyo?