Vidonge vitatu vya Muheza

Barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga mjini, hoja haibadiliki: serikali inawalipaje watafiti wa malaria wakati zahanati haina hata glavu? Wanatoboa watoto vidole, wanajaza makaratasi, wanaondoka. Siidharau hoja hiyo. Aliyeuguza akaambiwa akanunue bomba la sindano dukani ana haki ya kuuliza.

Ila tuikumbuke SP, dawa ya malaria ambayo wengi tuliiita Fansidar. Mwaka 2001 Tanzania iliachana na klorokwini, ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima, ikaleta vidonge vitatu vya mara moja. Rahisi, bei nafuu, tukashukuru. Kumbe hapo Muheza, mkoani kwetu Tanga, vimelea vya malaria vilikuwa vimeshaanza kuizoea.

Hilo halikujulikana kwa fununu. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wenzao walikuwa wakimpa mtoto dawa, wanamwita tena baada ya wiki mbili, tone la damu kwenye kioo, wanahesabu vimelea. Jaribio moja la Muheza, lililochapishwa 2005, lilihusu watoto wa chini ya miaka 5. Kufikia siku ya 14 amodiakwini, dawa nyingine ya malaria, ilikuwa imeshindwa kwa 42% yao. Ikichanganywa na hiyo SP yetu, 20%. Dawa mseto, ALu (artemether na lumefantrine), 1%. Mtoto mmoja katika watano, na hapo SP ilikuwa na msaidizi! Mama hakai na asilimia usiku. Anaona homa imerudi, anadhani kakosea dozi, au muuguzi kampunja, au kuna mkono wa mtu. Kwamba kosa liko kwenye dawa iliyoidhinishwa na wizara, angelijuaje?

Wenzangu wa barazani wana jibu, tena zito: kujua si kuwa na dawa. Uamuzi wa kuhamia ALu ulipitishwa 2004, vituoni ikaanza kufika mwishoni mwa 2006, kwa kuwa ilikuwa ghali mno kuliko SP. Kweli. Lakini bila zile hesabu, hoja ya kuomba hizo fedha ingesimama juu ya nini?

Kinachonikera ni kwingine. Mishahara na majengo ni ya serikali, NIMR ipo kwa sheria ya 1979, lakini majaribio makubwa mara nyingi hulipiwa na wafadhili wa nje, na mlipaji ndiye huchagua swali. SP nayo haijastaafu, wajawazito bado wanaimeza kliniki kama kinga. Kama inawakinga sawasawa wa Muheza na Korogwe, hilo ni swali letu, na sioni kwa nini tungoje mgeni alipende kwanza.