Mwacheni Hasheem Thabeet

Kila msimu wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ukikaribia, vijana wa Mkunguni hapa Lamu hurudi kwenye mjadala ule ule, na hakosekani wa kutaja jina la Hasheem Thabeet ili watu wacheke. Simu inatolewa, inafunguliwa orodha ya vijana wapya ambao timu za NBA ziliwachagua kwa zamu mwaka 2009, kidole kinashuka taratibu: wa kwanza Blake Griffin, wa pili Thabeet, aliyechukuliwa na timu ya Memphis, wa tatu James Harden, wa saba Stephen Curry. "Memphis walimwacha Curry wakachukua mrefu wa bure!" Hapo hata muuza kahawa hucheka, na mpira wa kikapu haujui.

Mimi sicheki. Si kwa kuwa ni Mswahili mwenzetu tu, ingawa na hilo lina uzito wake na sioni kwa nini nilifiche. Sicheki kwa sababu wanaocheka wanaisoma hesabu kutoka chini kwenda juu. Wanajua Curry alikuja kuwa nyota mkubwa, kisha wanarudi nyuma kumhukumu kijana wa miaka 22 kwa jambo ambalo siku ile hakuna aliyelijua.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15. Hebu tulia hapo kidogo. Curry ni mtoto wa Dell Curry, mchezaji wa NBA. Amekua ndani ya viwanja, mpira uko mkononi tangu hajaota meno ya pili. Thabeet katika umri ambao wenzake walikuwa wameshachoka kufundishwa misingi, yeye ndiyo kwanza anaonyeshwa namna ya kusimama. Akapata shule Houston, mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kocha Jim Calhoun, na tarehe 25 Juni 2009, pale Madison Square Garden, jina lake likaitwa la pili. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, watu wamelala. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, na tangu aushike mpira ni kama miaka saba tu.

Na chuoni hakubahatisha. Mita 2.21, mikono mirefu, kwa wastani anazuia mashuti manne na zaidi kila mchezo. Mara mbili alikuwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, na mwaka 2009 chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa. Mwaka huo huo tuzo ya mchezaji bora wa Big East aligawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh.

Huyo Blair ndiye nataka wanaocheka wamtazame. Februari 2009 timu zao zilikutana. Tafuteni ile video: wanagombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, mikono imefungamana, na Blair, ambaye ni mfupi kwake kwa kama sentimita 20, anamvuta na kumpitisha juu ya bega lake. Thabeet na urefu wake wote anapinduka, mgongo chini. Blair alimaliza mchezo ule na pointi 22 na ribaundi 23. Maskauti wa NBA, wale wasaka vipaji, waliiona kama tulivyoiona sisi. Walijua kijana hana nguvu za kutosha kiunoni na miguuni, walijua anahitaji muda. Wakamchagua wa pili vivyo hivyo. Sasa hapo kosa ni la nani?

Liko na jambo la sheria, ambalo vijana wetu hulipita haraka. Mchezo wa chuo Marekani unamruhusu mlinzi kusimama chini ya kikapu apendavyo. Mtu mwenye urefu wa Thabeet anajipanga pale, anayekuja anazuiwa. NBA haikubali: usipokuwa unamkaba mtu wa karibu, ukizidisha sekunde tatu ndani ya eneo lile ni kosa. Lazima utoke, urudi, ugeuze miguu, umfuate mtu mwepesi hadi nje. Yaani kile kilichompa jina chuoni, kazini alikikuta kimewekewa saa. Kukijifunza upya kunahitaji kucheza.

Na kucheza hakupewa. Memphis Grizzlies walikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi hiyo hiyo ya senta, yule mrefu wa chini ya kikapu. Gasol alichaguliwa wa 48 mwaka 2007, namba ambayo hakuna anayeikumbuka, lakini alipoingia NBA mwaka 2008 alikuwa ametoka kucheza na watu wazima Hispania na kuwa mchezaji bora wa ligi ya kule. Majira yale yale ya 2009 Memphis wakamleta na Zach Randolph. Timu ikaacha kujijenga, ikataka ushindi: kutoka mechi 24 walizoshinda msimu uliotangulia hadi 40. Kocha anayesaka ushindi hampi mwanafunzi dakika. Thabeet alipata kama 13 kwa mchezo, akafunga wastani wa pointi 3.1. Nahodha wa kwetu hujifunza Mkanda, ule mlango wetu mwembamba wa bahari, kwa kuupita na maji yakiwa yanakupwa, hajifunzi kwa kukaa gatini akiwatazama wenzake wakipita.

Februari 2010 wakamtuma ligi ya chini, Dakota Wizards, mjini Bismarck. Wakati ule hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile akashushwa huko. Ilitangazwa kama aibu. Kwangu mimi ndilo jambo la busara pekee walilomfanyia, ila walimfanyia kwa muda mfupi mno, kisha wakamrudisha benchi. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, wakamtoa kwa timu ya Houston ili wampate mchezaji mzoefu, Shane Battier.

Linganisha na Giannis Antetokounmpo. Alichaguliwa wa 15 mwaka 2013 kutoka daraja la pili la Ugiriki, mwembamba, hajui mengi, na msimu wa kwanza akafunga wastani wa pointi 6.8. Hizo si takwimu za kuandikia barua nyumbani. Lakini timu yake, Milwaukee, mwaka ule walikuwa wabovu kupita kiasi, ushindi 15 na vipigo 67, basi kijana akaachwa acheze takriban dakika 25 kila mchezo, akosee mbele ya viti vitupu, na kesho akosee tena. Mwaka 2021 aliwapa ubingwa kwa pointi 50 katika mchezo wa mwisho. Victor Wembanyama naye, aliyekuwa mchezaji bora kati ya wanaoanza NBA mwaka 2024, timu yake ya San Antonio walishinda mechi 22 tu msimu wake wa kwanza na hakuna aliyemnyima mpira. (Huyo najua ni wa aina yake, msinirushie mawe.) Hata Griffin mwenyewe, wa kwanza mwaka wa Thabeet, aliumia goti na msimu mzima wa kwanza hakucheza hata mechi moja. Alisubiriwa. Aliporudi akachukua tuzo hiyo hiyo ya wanaoanza, na leo hakuna anayeuhesabu mwaka ule dhidi yake.

Sisemi Thabeet hana lawama. Mikono yake ilikuwa mizito kudaka pasi za karibu, faulo zilimjia haraka, na kwenye kushambulia sikuona akiongeza kitu kikubwa mwaka hadi mwaka. Timu ya Oklahoma City walimpa nafasi ya heshima msimu wa 2012, nyuma ya nyota Kevin Durant na Russell Westbrook, akacheza zaidi ya mechi 60, akawa mchezaji wa akiba wa kawaida. Pengine kiwango chake kilikuwa hapo. Mchezaji wa akiba wa NBA, akacheza baadaye hadi Japani na Taiwan. Kama angechaguliwa wa 30, Dar es Salaam nzima na Lamu nzima ingesema kijana amefaulu. Namba mbili ndiyo iliyomfanya kichekesho, na namba hiyo hakujichagulia.

Nani kwetu ameitazama njia ya Mkenya Tylor Ongwae? NBA hakuingia. Alikuwa akiichezea klabu ya Denmark, kila wiki yumo uwanjani, na Februari 2021 dhidi ya Angola ndiye aliyerusha shuti la sekunde za mwisho, Kenya ikashinda 74 kwa 73 na kurudi AfroBasket, mashindano ya kikapu ya Afrika, baada ya miaka 28. Huyo naye pale Mkunguni hatajwi.

Haya nayaandika kwa sababu yamenifika nyumbani. Mpwa wangu ana miaka 16 na milango ya Mkomani anaipita kwa kuinama. Juzi alikuja bwana mmoja, anasema anatafutia vijana warefu shule za Marekani, na dada yangu ameshaanza kuuliza bei ya masanduku. Nilimkaribisha bwana yule kahawa na kashata nikamuuliza: timu hiyo ina senta mwingine? Ana umri gani? Kijana wetu atacheza dakika ngapi, na asipocheza, masomo yake analipa nani? Akanijibu kwamba la muhimu ni urefu, mengine yatakuja yenyewe. Fomu nimeziweka kwangu. Dada amenuna, lakini mpaka nipate majibu manne, hazitiwi sahihi.