Ngazi za mawe kwenye njia ya maporomoko si uharibifu

Kila njia ya miguu iendayo kwenye maporomoko ya maji inapojengwa ngazi za mawe, lalamiko huwa lilelile: mahali pameharibiwa. Wanaolalamika wanaipenda asili kwa dhati, na hoja yao ina uzito. Anayepanda mlima hutamani akute mizizi, tope na mawe yaliyojilalia yenyewe. Ngazi nazo huvuta watu wengi zaidi, pamoja na kelele na takataka zao. Kwa hiyo wanasema njia iachwe ilivyo, idadi ya wageni ndiyo ipunguzwe.

Hapo kwenye idadi ndipo ninapotofautiana nao. Mwaka 1995 mwanaikolojia wa Marekani, David Cole, alichapisha matokeo ya majaribio ya kukanyaga mimea. Katika aina 18 za uoto wa milimani, vipande vyembamba vya ardhi vilipitiwa kwa miguu kwa viwango tofauti, hadi mara 500. Uharibifu haukuongezeka sawasawa na idadi ya mapito. Sehemu kubwa ilitokea mapema, na kadiri mapito yalivyozidi, kila mpitaji aliongeza hasara ndogo kuliko waliomtangulia.

Tafakari maana yake. Njia iliyokwisha kukanyagika haiponi kwa kupunguza wapitaji nusu. Nusu iliyobaki inatosha kuiacha uchi. Lakini hao hao wachache wakitawanyika, huyu akikata kona, yule akikwepa dimbwi, kila mmoja anaanza upya ile hatua ya mwanzo yenye hasara kubwa kuliko zote. Wageni wachache wasio na njia nzuri wanaweza kuumiza msitu kuliko wengi wanaofuata mstari mmoja. Sijaona walalamikaji wakilijibu hili.

Halafu kuna maji. Njia iliyonyooka kushuka mlima hugeuka mfereji mvua inaponyesha: udongo unachukuliwa, tope linabaki, watu wanapita pembeni, njia inapanuka. Wajenzi wa njia wana kanuni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe, na wastani wake ukae chini ya asilimia 10. Karibu na maporomoko kanuni hiyo mara nyingi haitekelezeki, kwa sababu korongo ni kali na manyunyu hayaachi ardhi ikauka. Jiwe lililozikwa vizuri, pamoja na tuta la kuchepusha maji, ndivyo vinavyobaki.

Nakubali kuna mahali ngazi haifai kabisa. Mimea midogo inayoishi kwa manyunyu, pale chini ya maporomoko, haivumilii hata miguu michache. Hapo pazuiwe, watu watazame kwa mbali. Saruji nayo siitetei pale ambapo mawe ya mahali penyewe yangetosha.

Na kuna lawama moja ambayo wajenzi wanastahili. Mtaro usiozolewa udongo baada ya mvua huziba, maji yanarudi katikati ya njia na kuchimba chini ya ngazi mpaka zinalegea. Mtembeaji huanza kupita pembeni, na njia ya pili inazaliwa. Mradi unaotenga fedha za kujenga bila fungu la kuzibua mitaro kila msimu, mimi pia ningeupinga.