Kipakatalishi Kisichopakatika

Aliyekipa chombo hiki jina la kipakatalishi bila shaka hakuwahi kukipakata changu. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo wakazi wa Nairobi hulala na soksi na kunywa chai bila kuvua makoti, lakini mimi nilikaa kwenye kochi langu mtaani Umoja nikiwa na kaptura na kutokwa jasho, kwa sababu kila nilipoanza kazi nilihisi kana kwamba nimepakata jiko la makaa lililotoka kupepewa. Feni yake ilivuma kiasi kwamba siku moja, katikati ya mkutano wa video, mkuu wangu aliniuliza kwa upole iwapo nilikuwa nimehamia kando ya uwanja wa ndege wa Wilson.

Mimi ni mfasiri, na mfasiri huamini kwamba kila tatizo limejificha katika maandishi fulani. Kwa hiyo nilianza na programu. Nilifunga kurasa 31 za intaneti, nikafuta michezo ambayo sikukumbuka kuiweka, nikasaka virusi usiku kucha, kisha nikaweka programu ya kupimia joto, nayo ikanionyesha nyuzi 96 za Selsiasi ilhali sikuwa nimefungua chochote isipokuwa barua moja. Hapo nikaelewa kwa nini herufi zilikuwa zikijitokeza kwenye kioo muda mrefu baada ya kuzipiga: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapokaribia nyuzi 100 hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na ikizidiwa kabisa huzima mashine bila kumuaga mtu. Yangu ilizima mara tatu siku hiyo, na mara mbili kati ya hizo sikuwa nimehifadhi kazi.

Kijana wa ghorofa ya juu, anayesomea uhandisi, alinieleza kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwamba hewa ya huku ni nyepesi, na kwamba hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Hayo ni kweli, nami niliyapenda hasa kwa kuwa yalinitoa lawamani. Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Mombasa mwezi wa Machi ili atibiwe macho kwa wiki mbili, na ambaye hadi Julai alikuwa bado anaizoea miwani, alimsikiliza huku akikanda unga wa mahamri kwenye meza ile ile niliyoifanya ofisi.

"Basi kipeleke Mombasa," akasema. "Ila kule hewa yenyewe ni ya moto."

Nikaamua kutumia nguvu. Nilitoa kwenye friji mfuko wa maharagwe yaliyogandishwa, nikauzungushia taulo, nikaiweka mashine juu yake. Nyuzi zilishuka kwa dakika chache, nikajipongeza, kisha zikapanda kupita pale zilipokuwa, kwa maana taulo lilikuwa limeziba matundu ya chini ambayo feni huvutia hewa kupitia kwayo. Maharagwe, yaliyokuwa yamekwisha kupata uvuguvugu, Shangazi aliyapika kwa nazi jioni hiyo, akisema kwamba nyumbani kwake chakula hakigandishwi mara mbili. Sikumkumbusha nyumba ilikuwa ya nani.

Lipo jambo moja nililoliona na kulipuuza. Kila feni ilipovuma sana, ilitoa harufu tamu ya iliki. Nilidhani ni njaa.

Hatimaye nilikipeleka kwa fundi mmoja katika jengo moja la barabara ya Luthuli ambako vibanda vya simu na redio vimebanana hadi mteja huingia kwa ubavu. Alifungua skrubu kumi, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa, akainua bamba la chini, kisha akanyamaza kwa muda ambao ulinitia hofu.

"Mkubwa," akasema, "humu ndani huwa mnapika?"

Kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba ambayo hewa moto hupita ikitoka nje, palikuwa na kipande cha kitu cha rangi ya maziwa, kipana kama kidole, kilichoshikana kama ukoko wa wali. Ulikuwa unga wa ngano uliovutwa na feni kila asubuhi, ukachanganyika na vumbi na moshi wa mafuta ya kukaangia, kisha ukaokwa polepole. Fundi alikichomoa kwa kibano, akakinusa, akamwita jirani yake naye akinuse.

"Iliki," akasema jirani.

"Na nazi," akaongeza mtu wa tatu ambaye hakuwa ameitwa.

Fundi alinifahamisha kwamba amewahi kutoa mende, nywele za paka na sarafu ya shilingi tano, lakini kitafunio kilikuwa cha kwanza. Akaizuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke ovyo, akaipuliza kwa bloa, akafuta grisi iliyokuwa imekauka juu ya prosesa na kuweka mpya, tone dogo tu, akanitoza shilingi 1,500. Nilipofika nyumbani niliipima: nyuzi 52, na feni kimya.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Shangazi mezani. Bakuli la unga, limefunikwa kwa kitambaa, lilikuwa limeegemezwa ubavuni mwa mashine, pale pale hewa inapotokea, na kiganja chake kilikuwa juu ya kibodi kama anayempima mtoto homa. Ndipo nilipojua jinsi hamira yake ilivyokuwa ikifanya kazi katika baridi ile yote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, huyo fundi wako amekuibia. Kitu kilikuwa kizima, sasa amekiua."

Akafunua kitambaa ili nijionee mwenyewe. Donge lilikuwa limelala chini ya bakuli, bapa, halijaumuka hata kidogo. Siku hiyo tulikula mkate wa dukani.