Bozhou na miaka 724 inayosahauliwa

Bozhou, nchi ya milima ambayo leo ni Zunyi, kaskazini mwa jimbo la Guizhou nchini China, hukumbukwa kwa kifo chake. Mwaka 1600 majeshi ya Ming, enzi ya kifalme iliyotawala China wakati huo, yaliivamia kwa njia 8, ngome ya Hailongtun ikaanguka, na chifu wa mwisho, Yang Yinglong, akajiua. Nchi ikakatwa vipande viwili: Zunyi ikapewa jimbo la Sichuan, Pingyue ikaenda Guizhou. Husimuliwa kwamba mwasi aling'olewa, utawala wa sheria ukaingia.

Simulizi hiyo si ya uongo mtupu. Yang alimuua mkewe, bibi wa ukoo wa Zhang, pamoja na mama mkwe wake. Aliyekwenda kumshtaki serikalini alikuwa baba mdogo wa mke huyo, na koo za humohumo Bozhou zikamuunga mkono. Chini ya chifu wa kurithi, yaani tusi, mnyonge alikuwa na pa kulia padogo sana. Afisa wa kuteuliwa na serikali, anayewekwa badala ya chifu, angalau huhamishwa.

Lakini hebu tuhesabu. Kwa kumbukumbu za ukoo wa Yang, waliishika Bozhou mwaka 876, enzi ya Tang. Toka hapo hadi 1600 ni miaka 724. Tang ilianguka, Song ikaja ikapita, Wamongolia wakatawala wakafukuzwa, Ming ikakalia kiti, na Bozhou ikabaki mikononi mwa ukoo uleule. Hailongtun yenyewe ilijengwa mwaka 1257 ili kuisaidia Song kuwazuia Wamongolia. Kila enzi iliyokuja iliwakuta Yang, ikawathibitisha, ikapokea kodi yao ya heshima na askari wao, bila kulipa mishahara ya maafisa milimani. Miaka 724! Huwezi kuiita yote hiyo maandalizi ya uasi.

Tena mwaka 1586 Yang Yinglong huyuhuyu alipeleka Beijing magogo 70 ya mbao bora. Gogo la namna hiyo hukatwa msituni, huburutwa na umati wa watu hadi mtoni, kisha huelea safari ndefu kwenda kuwa nguzo. Mfalme Wanli alimzawadia joho lililodariziwa samaki arukaye, vazi la watu wa heshima. Miaka 14 baadaye alimtumia majeshi. Kosa la mtu mmoja, ambalo lingeweza kumalizwa kwa kumweka mrithi mwingine, lilifuta nchi nzima.

Na utulivu uliotarajiwa haukuja. Mwaka 1622 kiongozi wa nchi jirani ya Shuixi, An Bangyan, aliuzingira Guiyang, mji mkuu wa Guizhou, kwa takriban miezi 10, mji ukafa njaa. Enzi ya Qing, iliyofuata Ming, iliendelea kubadili machifu kwa maafisa, hadi Wamiao, kabila la kusini-mashariki mwa Guizhou, walipoasi mwaka 1735. Baada ya kuwashinda, mfalme Qianlong aliwafutia kodi, akaagiza kesi zao wenyewe kwa wenyewe ziamuliwe kwa mila zao.