Ghorofa Ngapi Ziko Uchi Leo?

Kila mara jengo la fremu ya mbao linapoungua kabla ya kukamilika, huzuka watu wanaosema kwamba mbao haifai kwa ghorofa na kwamba afadhali turudi kwenye zege. Sikubaliani nao, lakini siridhiki pia na jibu la wajenzi kwamba jengo la mbao lililokamilika vizuri ni salama. Ni salama kweli, ila hilo silo jengo lililoungua. Lililoungua lilikuwa bado halijafunikwa kwa jasi, yaani vibao vya plasta vinavyokinga mbao dhidi ya moto, halikuwa na milango ya kuzuia moto, na mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa hayajaunganishwa. Kwa wiki kadhaa, pengine miezi, kinachosimama pale ni kuni zilizopangwa kwa ustadi mkubwa, hewa ikipita kati yake, na shimo la ngazi likisubiri kufanya kazi ya dohani.

Hapa pana hesabu ambayo watetezi wa mbao huitaja nusunusu. Kanuni ya Ulaya ya Eurocode 5 hukadiria kwamba, katika moto wa majaribio, mbao laini hugeuka makaa kwa takriban milimita 0.65 kwa dakika. Nguzo nene ya milimita 300 ikichomwa kwa nusu saa itapoteza karibu milimita 20 kila upande, na kiini chake kitabaki kizima, kikikingwa na tabaka hilohilo la makaa. Jambo hilo ni la kweli na linafaa kusifiwa. Lakini fremu nyepesi hujengwa kwa mbao za inchi mbili kwa nne, zenye unene wa milimita 38 hivi zikisharandwa, na moto ukizishika pande zote mbili, hesabu hiyohiyo inazimaliza kabla ya nusu saa. Uwezo wa kubeba mzigo huwa umekwisha mapema zaidi. Ndiyo maana huko Colindale, London, Julai 2006, majengo ya aina hiyo yaliyokuwa yakijengwa yaliporomoka ndani ya dakika chache. Na hata ujenzi wenye jina kubwa haukusalimika: maabara ya mbao ya Chuo Kikuu cha Nottingham iliteketea Septemba 2014 ikiwa bado mikononi mwa wajenzi, ikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2017.

Moto wenyewe huanza kwa jambo dogo. Fundi bomba anachomea kiungio cha shaba karibu na mhimili, na mwali wa tochi yake unapenya kwenye tundu lililotobolewa ili bomba lipite. Upande wa pili kuna maranda yaliyojikusanya kwenye ufa tangu siku ya kukata mbao. Hakuna mwali unaoonekana, ila harufu kidogo, na mahali palipojaa mbao mbichi na gundi harufu haimshtui mtu. Fundi anafunga vifaa vyake na kuondoka. Kwa sababu ya moto wa namna hii unaofuka kimyakimya, kanuni ya Marekani ya NFPA 51B, iliyokuwa ikitaka mwangalizi abaki nusu saa baada ya kazi ya kuchomea, iliongeza muda huo hadi saa 1 katika toleo la 2019. Ni hatua nzuri, mradi mwangalizi awe anaangalia. Nimewahi kumwona mmoja akikabidhiwa toroli kabla hata chuma hakijapoa.

Hata hivyo, vibali vya kuchomea, waangalizi na mitungi ya kuzimia moto, ambavyo vyote ni vya lazima, hushughulikia cheche tu, havipunguzi kuni. Kinachopunguza kuni ni ratiba. Jasi ipande pamoja na fremu, shimo la ngazi lifungwe kwanza, bomba la maji la zimamoto lifuate kila ghorofa inayosimamishwa, na jengo refu ligawanywe mapema kwa kuta zinazohimili moto ili upande mmoja ukiwaka mwingine ubaki.

Msimamizi wa ujenzi atanijibu kwamba jasi ikinyeshewa inaharibika, kwa hiyo ni lazima paa litangulie. Pingamizi hilo lina uzito, na sidhani kwamba linaondolewa kwa hotuba. Lakini vipo vibao vya jasi vinavyostahimili unyevu, yapo maturubai, na ghorofa za chini huwa zimekwisha kupata kinga ya mvua siku nyingi kabla ya bati la mwisho kupigiliwa. Mara nyingi kinachozichelewesha ni mkataba: fundi wa jasi ameandikiwa kuja mara moja, mwishoni, kwa sababu kumwita mara tatu ni ghali. Uamuzi wa usalama umefanywa na mtu wa manunuzi, na huenda hajui kwamba ameufanya.

Desemba 2014, huko Los Angeles, jengo kubwa la fremu ya mbao lililokuwa likijengwa lilichomwa usiku kwa makusudi. Kibali cha kuchomea kisingesaidia kitu. Joto lake lilipasua madirisha ya majengo jirani na kuharibu barabara kuu iliyopita kando yake. Nchini Uingereza, chama cha Structural Timber Association kimetoa mwongozo unaomtaka mbunifu akadirie, kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, joto litakaloyafikia majengo jirani endapo fremu itawaka, na achague aina ya fremu kulingana na umbali uliopo. Makadirio hayo hutegemea sana kiasi cha mbao kilichoachwa wazi kwa wakati mmoja.

Kwenye malango ya maeneo mengi ya ujenzi huwa pana ubao unaoonyesha siku zilizopita bila ajali. Ningependa chini yake iandikwe namba nyingine kila asubuhi: ghorofa zilizosimama bila kufunikwa. Anayeiandika awe ni yuleyule anayepanga ratiba ya jasi.